Kwa nini wasikilizaji hurudi kwenye HD 600

Kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ilipotoa hedifoni za HD 600 mwaka 1997, mtu aliyetaka kusikiliza muziki kwa utulivu nyumbani alitegemea sidii au sahani ya santuri. Tangu hapo namna ya kuhifadhi na kununua muziki imebadilika zaidi ya mara moja, lakini hedifoni hizo bado zinatengenezwa na bado zinauzwa zikiwa mpya. Wapenzi wa sauti wanaponunua hedifoni nyingine, hata za bei kubwa kuliko hizo, huziweka kando ya HD 600 ili wajue wamepata nini na wamepoteza nini. Ndugu yake, HD 650, ilifuata mwaka 2003, na mwaka 2016 likaja toleo la HD 6XX, lililotengenezwa kwa ajili ya duka la mtandaoni la Massdrop. Toleo hilo lina rangi ya buluu iliyokolea na waya mfupi zaidi, lakini sauti yake ni ile ile ya HD 650, na bei yake nafuu iliwafungulia mlango watu wengi ambao zamani walikuwa wakisoma habari zake tu. Kifaa cha kielektroniki kudumu sokoni kwa zaidi ya robo karne bila kubadilishwa kwa kiasi kikubwa ni jambo adimu, na linataka maelezo.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba watu huzipenda kwa sababu ziko wazi, na kwamba uwazi huo hutandaza muziki nje ya kichwa, mithili ya bendi iliyosimama mbele ya msikilizaji. Sehemu ya kwanza ya maelezo hayo ni kweli, ila ya pili haizihusu hedifoni hizi. Kwa maoni yangu, raha yake inatokana na namna zinavyoitendea haki sauti ya binadamu, na uwazi ni njia mojawapo tu iliyowawezesha wahandisi kufika hapo.

Tuanze na huo uwazi. Hedifoni nyingi zinazovaliwa barabarani na ofisini zimefungwa: nyuma ya spika ndogo iliyo karibu na sikio kuna kikombe kigumu kinachozuia sauti isitoke na kelele zisiingie. Hedifoni wazi hazina ukuta huo. Katika HD 600, nyuma ya spika kuna wavu wa chuma tu, na ukiuelekeza kwenye mwanga unaona hadi ndani. Sennheiser walikuwa wa kwanza kufanya biashara kubwa kwa mtindo huu walipotoa HD 414 mwaka 1968, hedifoni nyepesi zilizokuja kujulikana kwa sponji zake za manjano na ambazo ziliuzwa zaidi ya jozi milioni 10. Kabla ya hapo ilidhaniwa kwamba hedifoni nzuri sharti iwe nzito na ilifunge sikio barabara. Watu walipozivaa HD 414 waligundua kwamba muziki unaweza kusikika vizuri bila mtu kufungiwa ndani yake.

Sababu ya kifizikia si ngumu kuifuata. Utando wa spika unaposogea mbele kuisukuma hewa kuelekea sikioni, upande wake wa nyuma nao huivuta hewa, kwa hiyo spika hutoa sauti pande mbili kwa wakati mmoja. Katika kikombe kilichofungwa, sauti ya nyuma hugonga ukuta, hurudi, na kupenya tena kwenye utando ule mwembamba ikiwa imechelewa kidogo, ikachanganyika na sauti iliyokusudiwa. Kikombe chenye kina cha sentimita 3 hivi huweza kuanza kuvuma chenyewe katika masafa ya hertzi elfu kadhaa, yaani mitetemo elfu kadhaa kwa sekunde, na hapo ndipo sikio linapokuwa kali kuliko popote pengine. Wahandisi hodari huupunguza mvumo huo kwa sponji, sufi na maumbo ya ndani yasiyo sambamba, na zipo hedifoni zilizofungwa zenye sauti nzuri sana. Hata hivyo, hiyo ni kazi ya kupambana na tatizo ambalo hedifoni wazi zimeliachia njia litoke.

Kuna faida nyingine inayotajwa kwa nadra, ingawa nadhani huchangia sana raha ya kusikiliza kwa saa nyingi. Ukiziba masikio yako kwa viganja na kuzungumza, sauti yako mwenyewe huvuma ndani ya fuvu kana kwamba unasemea mtungini. Hatua zako unapotembea na hata kutafuna kwako husikika kwa ukubwa usio wa kawaida. Hedifoni zilizofungwa huleta hali hiyo kwa kiasi fulani kila zinapovaliwa, na mwili huizoea bila kuisahau kabisa. Ukivaa HD 600, chumba ulichomo kinaendelea kuwapo. Feni inazunguka, mlango unafunguliwa, mtu akikuita unamsikia, na muziki unakaa humo humo chumbani pamoja na hayo yote. Joto halikusanyiki kwa haraka, na zile pedi zake za velveti haziwi nyevu kama ngozi bandia. Gramu 260 si uzito wa kuchosha shingo. Kwa hakika zinapokuwa mpya hubana kichwa kwa nguvu, na wengi hulalamikia jambo hilo katika wiki za kwanza, lakini hulegea kadiri zinavyotumika.

Uwazi huo una gharama yake: aliyeketi karibu nawe atasikia unachokisikiliza, na wewe utayasikia mazungumzo yake. Hedifoni hizi hazifai ndani ya basi, wala maktabani, wala chumbani ambamo mwenzako amelala. Ni kifaa cha mtu aliyepata saa moja ya faragha na mahali palipotulia, na pengine hilo lenyewe huathiri namna anavyosikiliza, kwa kuwa huwezi kuzivaa ukiwa mbioni.

Sasa turudi kwenye lile suala la upana. Mtu akisoma sifa za hedifoni wazi kwa jumla, atatarajia kwamba HD 600 zitamweka katikati ya ukumbi mkubwa. Atakachokikuta ni kitu kingine. Ala za muziki hujipanga karibu na kichwa, katika makundi matatu yanayoweza kutambulika: kushoto, kulia, na katikati ya paji la uso, huku nafasi kati ya makundi hayo ikiwa haijajazwa vizuri. Mwaka 2009 kampuni hiyo hiyo ilitoa HD 800, zenye spika kubwa ya milimita 56 iliyowekwa mbali na sikio na kwa mshazari, na hizo ndizo zinazotandaza muziki kwa upana unaoshangaza. Mhandisi Axel Grell, ambaye jina lake linahusishwa na HD 600, HD 650 na HD 800 pia, bila shaka alijua namna ya kuupata upana. Kama upana ndio ungekuwa siri ya raha, wasikilizaji wote wenye uwezo wangehamia HD 800 na kuziacha zile za zamani. Wapo waliohama. Wapo pia wengi walioinunua HD 800, wakaifurahia kwa miezi kadhaa, kisha wakarejea kwenye HD 600 kila walipotaka kumsikiliza mwimbaji.

Hapo kwa mwimbaji ndipo penye jambo lenyewe. Sauti ya binadamu huanzia takriban hertzi 100 kwa mwanamume na hertzi 200 kwa mwanamke anapozungumza kwa kawaida, lakini huo ni mwanzo tu. Kinachotuwezesha kutofautisha irabu moja na nyingine, na kumtambua mtu kabla hajataja jina lake, ni ile milio ya juu yake inayopata umbo kooni na kinywani, na sehemu yake kubwa iko kati ya hertzi 300 na 3,000. Simu za zamani zilipitisha takriban hertzi 300 hadi 3,400 peke yake, na bado mama alimtambua mwanawe kwa neno moja. Sisi binadamu tumeisikiliza sauti ya mtu tangu kabla ya kuzaliwa, na hakuna ala ya muziki ambayo masikio yetu yanaijua kwa undani kama huo. Violini inaweza kupakwa mng'ao wa ziada nasi tukaridhika, kwa kuwa wengi wetu hatujawahi kukaa hatua 2 kutoka kwa mpigaji wake. Sauti ya mtu ikipindishwa kidogo tu, tunajua, hata kama hatuwezi kusema kilichopinda ni kipi.

Ugumu wa kutengeneza hedifoni ni kwamba haziwezi kutoa sauti iliyo sawa katika kila masafa zikasikika sawa. Sikio la nje na mfereji wake, wenye urefu wa takriban milimita 25, hukuza kwa asili sauti zilizo karibu na hertzi 3,000, na ukuzaji huo hufikia desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 10 au zaidi. Ubongo umeuzoea na kuuhesabu kuwa ndio ukawaida. Spika ya chumbani huacha sikio lifanye kazi hiyo lenyewe. Hedifoni, kwa kuwa hulisogelea sikio na kuuvuruga mchakato huo, hulazimika kuiiga kwa kupandisha sauti mahali hapo kwa kipimo sahihi. Wahandisi wakipandisha kidogo mno, mwimbaji atasikika kama yuko nyuma ya blanketi; wakizidisha, atapiga kelele na kuchosha. HD 600 hupandisha kwa kipimo kinachokaribia sana kile ambacho sikio lingefanya, na chini ya hapo, kutoka hertzi 200 hivi kupanda juu, mstari wake, yaani mchoro wa nguvu ya sauti katika kila masafa, hauna mashimo wala vilima vikubwa. Ndiyo maana mtu akizivaa na kusikiliza mazungumzo yaliyorekodiwa vizuri, bila muziki wowote, huweza kugeuza shingo akidhani kuna aliyeingia.

Nakiri kwamba mimi mwenyewe sikulielewa hili siku ya kwanza. Nilikuwa nimezoea hedifoni zilizofungwa ambazo besi yake ilitikisa taya na sauti zake za juu zilimeremeta, na nilipozivaa HD 600 nilidhani kuna waya ambao haukuingia vizuri. Hakuna kilichonirukia. Nilizirudisha kwenye boksi na kuziacha. Wiki tatu baadaye nilisikiliza rekodi ya mwimbaji mmoja na gitaa peke yake, rekodi niliyoifahamu kwa miaka mingi, na katikati ya ubeti wa pili nikasikia akimeza mate kabla ya neno refu. Si kwamba hedifoni zangu za zamani zilishindwa kulitoa tukio hilo. Nilipolitafuta humo nililikuta. Lakini humo lilikuwa limezikwa chini ya besi, na hapa lilikuwa mahali pake, kwa ukubwa wake, kama ambavyo ningelisikia ningekuwa nimekaa mkabala na mwimbaji. Tangu siku hiyo nilianza kuvirudia vitu nilivyovizoea, na kwa muda mrefu sikununua muziki mpya.

Nadhani njia hii, ya kukatishwa tamaa kwanza na kuvutwa baadaye, ndiyo inayowapata wengi, na inaeleza kwa nini hedifoni hizi hazifanyi vizuri zinapojaribiwa dukani kwa dakika 5. Sikio likipewa sauti mbili kwa haraka huchagua ile yenye nguvu na mng'ao zaidi. Likikaa na sauti moja kwa saa 3, mng'ao ule ule hugeuka kuwa mchomo.

Wakosoaji wana hoja, na zile zenye uzito zinastahili kujibiwa. Ya kwanza ni lile lalamiko la miaka mingi kwamba hedifoni za ukoo huu, hasa HD 650, zina pazia: kana kwamba kitambaa chepesi kimetundikwa kati ya msikilizaji na muziki. HD 650 kweli zina uvuguvugu zaidi, yaani besi ya kati iliyonenepa kidogo na sauti za juu zilizotulizwa, na mtu aliyetoka kwenye hedifoni kali ataliona pazia hilo mara moja. Binafsi napendelea HD 600 kwa sababu hiyo hiyo. Ila ni vyema kukumbuka kwamba rekodi nyingi zimeandaliwa na watu waliozitia ukali makusudi ili zisikike vizuri kwenye spika hafifu, na kwa rekodi za namna hiyo utulivu wa HD 650 ni huruma kwa msikilizaji.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo ni besi. Uzi mnene wa gitaa la besi la nyuzi 4 hutoa sauti ya takriban hertzi 41, na HD 600 huanza kupoteza nguvu waziwazi chini ya hertzi 60 hivi. Unausikia uzi huo kwa sababu milio yake ya juu ipo, na ubongo hujaza kilichopungua, lakini ule uzito unaosikika kifuani haupo. Kwa muziki wa dansi wa kielektroniki, au kinanda kikubwa cha kanisani, huo ni upungufu halisi ambao hautibiki kwa maneno ya mapenzi. Watafiti Sean Olive na Todd Welti wa kampuni ya Harman, kuanzia miaka ya 2010, waliwapa wasikilizaji sauti za aina mbalimbali bila kuwaonyesha wala kuwatajia hedifoni inayohusika, na wakakuta kwamba wengi, waliofunzwa na wasiofunzwa, hupenda besi iliyo juu kuliko ile ya HD 600. Matokeo hayo siyapingi. Nionavyo, yanaonyesha kwamba katika sauti za kati, ladha ya wasikilizaji hao na mstari wa HD 600 haviko mbali, na kwamba wanaozipenda hedifoni hizi wamekubali kulipa kwa besi ili wapate kile kilicho juu yake. Siku hizi pia ni rahisi kuongeza besi kwa programu ya kurekebisha masafa, na kwa kuwa msingi wa HD 600 ni laini, zinapokea marekebisho hayo vizuri hadi kiwango fulani.

Kuhusu ampulifaya, yaani mtambo wa kuzipa hedifoni nguvu, sina mengi. Hedifoni hizi zina ukinzani wa omu 300, na kutokana na namba hiyo kumeenea hofu kwamba bila mtambo mkubwa hazifai. Mwamba ngoma huvutia kwake, na wauzaji wa mitambo hawakuwa na haraka ya kuiondoa hofu hiyo. Kifaa kidogo kinachotoa volti 1 au 2 kinatosha kwa wanaosikiliza kwa sauti ya kawaida. Lililo la kweli ni kwamba ukinzani wake hauko sawa kila mahali: karibu na hertzi 100 hupanda hadi omu 500 au zaidi. Zikiunganishwa na ampulifaya ya valvu (zile mirija za kioo za mitambo ya zamani) yenye ukinzani wa ndani wa omu 100, mgawanyo wa volti huiongeza besi hiyo kwa karibu desibeli 1. Hayo ndiyo maelezo ya sehemu kubwa ya ule ujoto ambao wapenzi wa valvu husema umo katika muziki wao. Raha yao ni ya kweli, na chanzo chake kinaweza kupimwa.

Jambo la mwisho halihusu sauti moja kwa moja, lakini nimezidi kuamini kwamba haliwezi kutenganishwa nayo. HD 600, ambazo kwa miaka mingi zimekuwa zikitengenezwa Tullamore nchini Ayalandi, hufunguka kwa mikono. Waya huchomoka kila upande, pedi hubanduka, wavu wa chuma hutoka, na spika zenyewe huweza kubadilishwa na mtu asiye fundi. Pedi zikilala kwa miaka, spika husogea karibu zaidi na sikio na sauti hubadilika polepole kiasi kwamba mwenyewe hagundui. Zangu zilifika hali hiyo. Nilipoweka pedi mpya, yule mwimbaji na gitaa lake walirudi mahali nilipowaacha miaka kadhaa iliyopita. Msikilizaji anayejua kwamba sauti yake inaweza kurejeshwa hivyo hujenga nayo mazoea marefu, huijua kama anavyoijua njia ya kwenda kwao, na mazoea hayo ndiyo yanayoifanya iwe kipimo. Biashara ya bidhaa za wasikilizaji wa kawaida ya Sennheiser ilichukuliwa na kampuni ya Sonova ya Uswisi mwaka 2022, na wengi wetu tulihofia kwamba mwenye mali mpya angeyakatiza mazoea hayo. Hadi sasa hajafanya hivyo.

Mwaka uliofuata, 2023, ulileta jaribio zuri la hoja yangu. Zilitoka HD 660S2, zenye umbo lile lile, ukinzani ule ule wa omu 300, na spika ambayo mvumo wake wa asili ulishushwa kutoka hertzi 110 za mtangulizi wake, HD 660S, hadi hertzi 70 ili besi ishuke chini zaidi. Malalamiko ya miaka 25 yalikuwa yamesikilizwa. Kama kilichowashikilia wasikilizaji kwenye HD 600 kingekuwa ukosefu wa mbadala, huo ulikuwa wakati wa kuziaga. Waliokuwa na kiu ya besi walizichukua HD 660S2 kwa furaha, na wana haki. Lakini baadhi yao waliripoti kwamba waimbaji wao wamesogea nyuma hatua moja, na HD 600 zikaendelea kutengenezwa na kuuzwa kando ya mdogo wake.